Umechomeka?

Mama yangu hakuwa mtu wa kutuambia usiku mwema. Ikifika magharibi aliuliza tu, "Umechomeka?" Maana yake chandarua kimeingizwa chini ya godoro pande zote, hakuna upenyo. Nilipokuwa sekondari neno hilo lilinitia aibu, kwa sababu shuleni kilichochomekwa kilikuwa shati.

Alikuwa na sababu. Kaka yangu mkubwa alikufa kwa malaria kabla sijazaliwa, katika wodi ya watoto hapa Ifakara, enzi ambazo kitanda kimoja kililaza watoto watatu. Mama hakupenda kulizungumzia. Alichomeka tu. Msimu wa mpunga, tulipohamia shambani kufukuza ndege na kulala kwenye dungu lililoinuliwa juu ya miti, vyandarua vilifungwa kwenye baiskeli kabla ya masufuria.

Wala hakuishia kwetu. Jirani alipofunikia vifaranga wake chandarua kipya, mama alimfuata hukohuko uani. "Mdogo wangu, hao vifaranga ndio watakaokuzika?" Jirani akanuna wiki nzima, kisha akakitoa. Baadaye nikamsikia yeye naye akiwapazia sauti wa nyumba ya tatu, "Mmechomeka huko?" Neno likasambaa uani kwa uani, hadi likawa salamu yetu ya jioni.

Siku hizi wataalamu wanaeleza jinsi malaria ilivyopungua bondeni. Wanaeleza vizuri, na dawa zao zimesaidia, sikatai. Kinachonikera ni kwamba hawataji mikono iliyovichomeka vyandarua. Wanawake wangapi wameinama juu ya magodoro, jioni baada ya jioni, migongo ikiwauma kwa jembe? Hakuna hata mmoja aliyedhani anafanya jambo kubwa.

Juzi mtoto wa dada yangu alivunjika mkono, akalazwa wodi ya watoto. Nikamsindikiza mama kumpelekea uji. Alikuwa hajakanyaga wodi ile tangu atoke na maiti ya mwanawe. Alisimama mlangoni akitazama vitanda, vingi vimetandikwa na havina mtu.

"Watoto wako wapi?" akamuuliza muuguzi.

"Wapo makwao, mama. Wanacheza."

Mama akanikabidhi chupa ya uji, akakaa kwenye kitanda kitupu. Akalitamka jina la kaka yangu, ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, akalia.