Sangara Kwenye Friji la Kingamwili

Vita na Uganda ilikuwa imekwisha, na sisi wa Kibeta tulikuwa tunazika watu wa ugonjwa mpya, ule wa kukonda. Dada yangu naye akaanza kukonda. Nikampeleka Bukoba mjini kwenye chumba cha watafiti, kwa sababu waliokubaliwa pale walipewa maziwa ya kopo. Utafiti wao haukumhusu. Alitaka yale maziwa. Chakula kingine hakikukaa tumboni.

Walimchoma ubavuni, wakatoa kijipande cha ini. Nesi akatueleza kwamba wana kichupa cha kingamwili kutoka Ulaya. Tone lake hunata kwenye kimeng'enya kinachosaga chakula ndani ya chembe za mwili, na chembe zenye kimeng'enya hicho zikipakwa rangi zinageuka kahawia; zisizo nacho zinabaki nyeupe. Wa kahawia wanabaki kwenye utafiti. Weupe wanarudi nyumbani.

"Kwa hiyo ni dawa?" dada akauliza.

"Si dawa, waitu, ndugu yangu. Inatafuta tu."

"Basi itafute haraka."

Sasa mkuu wa chumba, huyo ndiye ninayemshtaki mbele ya Mungu na watu. Wachuuzi wa samaki kutoka visiwa vya Muleba walikuwa wanatibiwa kwake kimyakimya magonjwa ya aibu, na kwetu mtu haji kushukuru mikono mitupu. Walileta sangara. Kukataa ni kumtukana aliyeleta. Friji lilikuwa moja. Nilimwona kwa macho yangu akikisukuma kichupa juu kwenye barafu, sangara akalazwa mahali pake kama mgonjwa wa daraja la kwanza.

Kingamwili ikaganda, umeme ukikatika ikayeyuka, ikaganda tena. Ikafa. Wagonjwa wote wakatoka weupe, na mkuu hakushtuka.

"Mama, ini lako limeacha kazi," akamwambia dada.

"Na la kwako linaonaje hao sangara?"

Mdomo haukumkonda. Lakini alifutwa kwenye utafiti, tukarudi Kibeta na uji anaoutapika.

Nesi alinisimulia baadaye: mtafiti mzungu alifungua friji akapiga kelele zikasikika mpaka mtaa wa Kashai. Kikaletwa kichupa kipya, maini yakapimwa upya. La dada likatoka kahawia. Mkuu akaja na gari na makopo ya maziwa, akatukuta tumekaa kwenye msiba wa dada.

"Poleni. Ilikuwa hitilafu ya mitambo."

"Mtambo gani huo wenye magamba?" nikamuuliza, wazee wa ukoo wakisikia.

Makopo akayarudisha garini, eti ni ya walio kwenye utafiti.