Jina la Baba na Nyoka wa Mgombani

Nyoka mwenyewe aliuawa na mama yangu, kwa mpini wa jembe, alipokuwa akitoa majani makavu mgombani. Naliweka hilo wazi mapema kwa sababu baadaye watu wa ukoo walisimulia kwamba baba alimkamata kwa mikono. Mikono ipi? Baba alikuwa barazani anakunywa chai, na mimi nilikuwa nimekaa naye.

Kwetu ni Marangu, juu kabisa, kihamba, yaani shamba la ukoo, cha mwisho kabla ya msitu. Mimi naishi Moshi mjini, nina duka la vitambaa Majengo, ila Jumamosi napanda kuwaona wazee. Wakati huo walikuwa wamempangisha chumba mtafiti wa chuo kikuu, binti mpole wa kutoka kusini, aliyekuja kuchunguza vyura wa msituni. Aliposikia mama anapiga kelele alitoka mbio, nikajua anakuja kusaidia. Wapi! Alipiga magoti mbele ya yule nyoka, mdogo tu, rangi ya udongo, tumbo jeusi tii, akajishika kichwa.

“Mama jamani, umemponda kichwa!”

“Ulitaka nimponde mkia?” mama akamjibu.

Yule binti alimtia nyoka kwenye chupa ya spiriti. Jioni alikaa mezani na miwani yake ya kukuzia, anahesabu magamba ya tumboni moja moja huku midomo inamcheza, na mama anamtazama kwa jicho la pembeni. Asubuhi akatuambia kwamba katika nyoka wote wa mlima huu anaowafahamu, huyu hayumo. Huenda hajawahi kupewa jina.

“Nyoka mzima hana jina?” baba akauliza.

Akamweleza kwamba jina la kitaalamu lina sehemu mbili. La kwanza ni kama la ukoo, la pili ni lake mwenyewe, na hilo la pili wakati mwingine hutolewa kwa heshima ya mtu. Halafu akasema, “Babu, ikithibitika kwamba ni mpya, ningependa achukue jina lako.”

Baba aliweka kikombe chini. Akamwomba arudie.

Hapa lazima niseme, maana asiyejua atadhani mzee wangu ni mtu wa kupenda makuu. Kwetu majina hayaokotwi. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili hupewa la baba wa mama. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, alitupata sisi mabinti watatu. Mimi nilizaa mvulana mmoja, akachukua jina la baba mkwe kama inavyotakiwa, kisha daktari akasema basi. Anayenifuata ana wasichana watupu. Wa mwisho ni mtawa. Kwa hiyo jina la baba halikuwa na pa kwenda, na yeye alilijua hilo kila ubatizo alioalikwa, akikaa benchi la mbele anasikiliza majina ya wazee wenzake yakiitwa.

Neno “ikithibitika” hakulisikia kabisa. Alivaa koti akaenda kuwaambia ndugu zake, na Jumamosi iliyofuata nilikuta mbuzi amechinjwa, pombe ya mbege imeletwa, wazee wa ukoo wamejaa uani wanampongeza. Kapata mjukuu! Mama alikuwa amejifungia jikoni, amenuna.

“Eti nipike mtori wa ndizi,” akaniambia. “Mtori ni wa mzazi. Hapa kajifungua nani? Mwambie Baba Fulani nyoka simpikii mimi.”

Huyo Fulani ni mimi, mtoto wao wa kwanza. Mama humwita baba kwa jina langu, kama wanawake wote wa rika lake, maana la mume halitamkwi. Siku moja baba alilazwa, nesi akauliza jina la mgonjwa, mama akanigeukia: “Sema wewe.”

Basi mimi nikawa katikati, sijui nishike lipi. Shule ya Jumapili nilifundishwa nyoka ni nani, tangu bustani ya Edeni. Halafu namwona baba yangu anacheka mpaka machozi, mtu ambaye sikumbuki lini alicheka hivyo. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na aibu, vyote kwa pamoja. Kule Majengo mteja wangu mmoja akaniuliza, “Hivi ni kweli baba yako kageuka nyoka?” Nilimfukuza dukani na kitambaa chake hakijakatwa, kisha nikakaa nikashindwa kujua nimekasirikia nini hasa.

Yule binti alimaliza kazi yake akaondoka na chupa. Miezi ikapita. Kila nikipanda baba ananiuliza, “Mjukuu wangu huko maabara hajambo?” Namjibu hajambo. Ningejibu nini?

Simu ilipigwa nikiwa napima shuka la mteja. Alikuwa yule binti, na salamu yake tu ilinitosha kujua mambo yameharibika. Walikuwa wamelinganisha vinasaba. Nyoka wetu ni yuleyule wa milima ya Pare, alishapewa jina zamani sana. Huku tumbo jeusi, kule tumbo la njano, lakini ni damu moja. Na sheria yao inasema jina lililotangulia ndilo linalobaki.

“Dada, naomba umwambie mzee. Mimi siwezi.”

“Umeweza kuhesabu magamba ya nyoka mfu, unashindwa kusema na mzee aliye hai?”

Akaanza kulia. Nilitaka kumgombeza vizuri, maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, lakini unamgombezaje mtu anayelia? Nikamwambia sawa, nitamwambia.

Nilifika nyumbani mchana. Baba alikuwa palepale barazani, na chai yake.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mjukuu hajambo?”

Nikamwambia. Sikuzungusha, maana ningezungusha nisingefika mwisho. Alinisikiliza huku ameinamisha kichwa.

“Kwa hiyo alikuwa na jina lake tayari,” akasema.

“Ndiyo, baba.”

“Basi ni haki. Mtoto mwenye jina habandikwi jingine.”

Alilisema kwa sauti ya kikao cha ukoo, imara kabisa. Ila mkono wake ulikwenda kutafuta kikombe ukakikosa, ukabaki juu ya meza. Nilikasirika. Nilimkasirikia yule binti, nikaikasirikia milima ya Pare na nyoka wake, nikajikasirikia mimi kwa kuzaliwa mwanamke, jambo ambalo halina akili hata kidogo.

“Nisamehe, baba.”

“Nikusamehe nini? Wewe ndiye uliyemzaa huyo nyoka?”

Tukacheka kidogo. Halafu tukakaa hapo barazani hadi jua likaanza kuteremka.

Jikoni kulikuwa kimya muda wote huo. Sufuria hazikugongana, wala mama hakuimba tenzi zake. Ndipo niliposikia harufu ya mtori. Mama alitoka akasimama mlangoni, bakuli mikononi, uso umemkakamaa kama mtu anayetaka kuruka mfereji. Akamwita baba. Hakusema Baba Fulani. Alimwita kwa jina lake lenyewe, lote, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Tangu nizaliwe sijawahi kulisikia kinywani mwake.

“Njoo ule,” akasema. “Unapoa.”

Baba aligeuka akatazama njiani, kuona nani anayeitwa. Hapakuwa na mtu. Kisha akashika mkono wa kiti, akainuka taratibu.

“Naam,” akaitika.