Aliyeanza kwa Jirani

Juzi nilikuwa ofisi ya kata kule Nyakitonto, nikisubiri barua yangu igongwe muhuri. Aliyeachiwa muhuri ni bwana shamba, mgeni kutoka Tanga, naye alikuwa bado anawasomea watu utabiri: joto litazidi, upepo utakuwa mkali, na mvua za kwanza zitakuja na radi. Kabla ya hapo, mtu asichome shamba.

Akamgeukia bibi mmoja mwenye panga. "Bibi, umeshafyeka kuzunguka nyumba yako?"

"Bado. Nimemaliza kwa jirani."

"Unaanzaje kwa jirani, na yako ni ya nyasi?"

Bibi akalifuta panga vumbi kwa ncha ya kanga, taratibu. "Mwenzangu yuko Kibondo, anamuuguza mwanawe. Moto ukija kwangu, mimi nipo, nitapiga yowe. Kwake atapiga nani?"

Bwana shamba aliikunja karatasi yake, akaufungia muhuri kabatini, akamwambia, "Tangulia, bibi, tukafyeke kwako."

Mimi nilikuwa na haraka na ule muhuri, basi nikawafuata. Safu ya leo nimeiandika kwa mkono wenye malengelenge, na ile barua nimeisahau kulekule.