Nati Aliyoikaza Baba Hilari

Mume wangu, Baba Hilari, hajawahi kumwamini fundi. Tangu tununue pikipiki, sproketi zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni, alikuwa anabadilisha mwenyewe hapa hapa uani kwetu Mlabani, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kupanda kwenye kiti na kukanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote, gia ikiwa ndani, ili gurudumu lisizunguke wakati yeye anapambana na nati ya sproketi ya mbele. Akifunga mpya, anaigonga spana kwa nyundo mpaka majirani wanachungulia. Nikimwambia imetosha, ananijibu kwamba barabara ya Malinyi haina huruma na kitu kilicholegea.

Mwaka jana, kipindi cha kuvuna mpunga, kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kushoto ukalala, mguu wa upande huo ukawa wa kuburuta. Hospitali walituambia mkono unaweza kurudi akienda kwao kufanya mazoezi kila Jumatatu bila kukosa. Nikajifunza kuendesha pikipiki uzeeni, nikawa nambeba. Kisha sproketi zikaisha meno, cheni ikawa inaruka, na Baba Hilari akagoma. Fundi hamtaki. Nikimwambia nimbebe kwa baiskeli, kama nusu ya mji huu wanavyobebana, anageukia ukutani. Jumatatu tatu zikapita. Vidole vilivyokuwa vimeanza kucheza vikajikunja tena. Nilikasirika, sitaficha, lakini niliogopa zaidi.

Jumamosi nikanunua sproketi mpya na cheni yake, nikaviweka miguuni pake.

"Nabadilisha mwenyewe," nikamwambia. "Wewe utakanyaga breki."

"Mimi?"

"Mguu wa kulia si mzima? Au nao unasubiri fundi?"

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi.

Nikaisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, nikamwekea kigoda, nikamsukuma mpaka akakaa juu ya kiti cha pikipiki. Nati nilikuwa nimeilowesha kwa mafuta ya taa tangu asubuhi. Nikaingiza spana, nikavuta. Hola. Nikachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini ili niuongeze urefu, nikaning'inia mzima mzima. Haikutikisika.

"Nani aliikaza hivi?" nikafoka, ingawa nilijua.

"Mimi," akasema polepole. "Nilikuwa na mikono miwili." Akautazama ule uliolala pajani.

Hasira ikaniishia pale pale. Nikafikiri kwamba nguvu zake zote za zamani zimebaki kwenye kile kichuma, na mimi ndiye nimekuja kuzitoa. Kwa kweli nilitamani kuiacha.

"Mama Hilari, usivute kwa kushtukiza," akasema, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya kuniamrisha. "Igonge kwanza kichwani, nyundo tatu nne, kutu iachie. Halafu liegemee bomba taratibu, uzito wote. Mimi nimeshika."

Nikagonga. Nikaegemea. Juu yangu nikamsikia akihema, mguu umekandamiza breki mpaka goti linatetemeka, lakini gurudumu halikusogea hata kidogo. Nati ikalia, ikazunguka, nami nikaanguka chali na bomba langu kifuani.

"Umeumia?" akauliza.

Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, mafuta mpaka kwenye nywele, na yeye bado amekanyaga breki kwa sababu sikuwa nimemwambia aachie.

Sproketi ya nyuma haikutusumbua. Niliporudi mbele kufunga ile nati, akaninyooshea kidole.

"Usiikaze sana. Mara ijayo nataka niifungue mwenyewe."

Nikamtazama. Hakuwa anatania. Nikaikaza inavyotakiwa, maana ikichomoka njiani tunakufa wawili, ila nikamwambia nimeilegeza kidogo.

Jumatatu alikuwa ameshavaa kofia kabla sijamaliza kuchemsha chai. Akakanyaga kigoda, akapanda nyuma yangu, kisha akaushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka kiunoni kwangu.

"Twende," akasema. "Tumechelewa wiki tatu."