Watu waliokunjwa nyuma ya picha ya saloni

Admin, jina langu libaki kwako, maana mume wangu naye anaisoma page hii. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Kasongo, nashona nguo. Nilizaliwa Wamaza, upande wa Kabambare, kwa wakulima Wakristo, nikaolewa mjini na kusilimu. Sikulazimishwa na mtu, kwa hiyo naomba maoni yenu yasianzie hapo.

Ugonjwa wangu ni picha za zamani. Siyo za simu, nasema zile zilizochapwa kwenye karatasi nene: mito, ndege, miji ya kale, kurasa zilizochomoka kwenye vitabu vya wazungu. Wenzangu wakitafuta vikombe vya kupanga kabatini, mimi natafuta karatasi yenye madoa. Wenye pikipiki wa njia ya Salamabila wananijua, wakikuta picha kuukuu imeziba dirisha la mtu wananiletea. Majirani wananiita Mama Makaratasi. Wanacheka, lakini wakipata wageni wa heshima wanakuja kuazima saloni yangu wawaketishe humo.

Iliyo kubwa kuliko zote nilipewa na mama mkwe nilipomzaa Salima, binti yangu wa kwanza. Ni Kasongo ya zamani: nyumba ndefu yenye baraza, mlango wa kuchongwa, wazee wa kanzu kwenye mikeka, na michikichi nyuma yao. Kwa ukoo wa mume wangu picha hiyo ndiyo ushahidi kwamba wao ni waungwana wa tangu mwanzo, siyo watumwa wa kuletwa. Mgeni mkubwa tunamketisha kwenye kiti kilicho chini yake. Baba yangu aliikataa ndoa yetu kwa muda mrefu, na siku alipokubali kuja, mama mkwe alimshika mkono akampeleka kwenye kiti hicho. Baba akainua macho, akasema, "Huu muji ulikuwa muzuri sana." Amani ikaanzia pale, na kila akija anasema maneno yaleyale.

Mvua za mwaka huu zimeingiza unyevu ukutani, picha ikashika ukungu. Nikaishusha na kung'oa misumari ya nyuma ya fremu ili niianike. Kumbe karatasi ni ndefu kuliko nilivyoijua. Sehemu ya chini ilikuwa imekunjwa kwa nyuma, nikaikunjua polepole isichanike.

Mbele ya ile baraza kuna watu wamekaa vumbini, kamba shingoni, mmoja amefungwa kwa mwenzake. Yuko mama ananyonyesha, na usoni ana chale kama zile za bibi yangu mzaa baba, nilizokuwa nazipapasa kwa vidole nikiwa mtoto. Nilikaa sakafuni nikalia. Nilikuwa nikimfikiria baba kwenye kile kiti, anasifia mji.

Mume wangu akanikuta hivyo. Hakushangaa sana, na hilo ndilo liliniuma. Akaniambia, "Mama Salima, irudishe vile ilikuwa. Wazee walikunja ili watu waishi pamoja. Weye unakunjua ya nini?" Nikamjibu kwamba simketishi baba chini ya picha hiyo tena. Akasema nawatukana babu zake ndani ya nyumba yake. Tangu siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji.

Na haya yamekuja wakati mbaya. Mdogo wangu ninayekaa naye anaposwa na mdogo wa mume wangu, na baba amekubali mazungumzo yafanyike saloni kwangu. Wazee wa pande zote watakuwepo, na wa upande wa mume wangu wataitafuta picha yao.

Nikaenda kwa mama mkwe nimejaa hasira, nikiwa tayari tugombane yaishe. Nilimkuta anatwanga majani ya sombe kinuni. Nilipomweleza nilichoona, aliuweka mchi chini, akaenda kufunga mlango.

"Ni miye niliikunja," akasema.

Nikamuuliza kwa nini. Akaanza kusema taratibu bila kunitazama. "Bibi yangu aliletwa huku mutoto mudogo, mu kamba vile vile, toka kwenu kule Kabambare. Wakamupa jina lingine, wakamufundisha kusali, akamuzaa mama yangu humu humu. Watoto wangu wote wanajiita waungwana. Mume wako hajui. Usimwambie, mutoto wangu, nakuomba."

Hasira yangu yote ikaisha, nikamwahidi sitasema. Nilipogeuka kuondoka aliongeza, "Kila siku nilimuketisha baba yako pale, nilikuwa ninaketisha ndugu yangu."

Sasa ndugu zangu, nimebanwa. Mume wangu anaamini naidharau damu yake, na neno moja lingemnyamazisha, lakini neno hilo ni la mama yake na nimeahidi kulificha. Nikiitundika wazi, wazee watagombana mbele ya posa, mdogo wangu atakosa ndoa, na mama mkwe atakaa katikati yao akiogopa siri yake itoke. Nikisema imeharibika kwa ukungu, mume wangu atajua ni uongo. Nikiikunja tena, nitakuwa nimewarudisha nyuma watu wangu kwa mikono yangu mwenyewe, na wa mama mkwe pia.

Nimeilaza chini ya godoro. Jana nilijaribu kuikunja pale pale palipokuwa na alama. Alama inapita usoni mwa yule mama anayenyonyesha, mkono ukanigomea.

Baba anafika Jumamosi. Ataketi kwenye kiti chake, atainua macho kuutafuta ule mji. Nishaurini: aone nini pale ukutani?