Safu ya Baba Mkwe

Severine Hhando hakuzaliwa na kompyuta, ingawa ukimsikiliza utadhani ndiyo iliyomnyonyesha. Alizaliwa Dongobesh, kwa wazazi wanaolima maharage na kufuga ng'ombe wachache, akamaliza kidato cha nne, kisha akaenda Haydom kuchapa barua na kutoa fotokopi kwenye steshenari ya jirani na stendi. Huko akapitia kozi fupi ya kutengeneza majedwali, akarudi na cheti chenye muhuri, na tangu hapo hajapatikana binadamu aliyewahi kumkuta amekosea.

Siku hizi ndiye karani wa kumbukumbu wa chama cha wafugaji wa maziwa pale Nangwa. Ofisi yake ina meza, kompyuta yenye feni inayokoroma, na kitambaa cha kufutia vumbi ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa. Wenzake wanaamini kwamba shida za chama ni ukame, ugonjwa wa ndigana unaoletwa na kupe, na bei ya pumba. Severine, ambaye anaona mbali, anajua kwamba shida ni nafasi zilizoachwa wazi.

"Pengo moja tu," huwaambia watu waliokuja kuulizia dawa ya kupe, "linaharibu jedwali zima."

Dawa yake ni masharti. Kila safu ya jedwali ina masharti yake, kule nyuma ambako mwenye jina hafiki: hapa maandishi, hapa namba tu, hapa ni lazima pajazwe, la sivyo mstari mzima haupokelewi. Sharti la lazima watu wengine hulitumia kama chumvi. Severine alilitumia kama unga wa ugali. Rangi ya ng'ombe, lazima. Idadi ya ng'ombe, lazima, jambo ambalo mfugaji wa tambarare hamwambii hata padri.

Mwaka huu mradi mmoja uliahidi kuwapa akina mama wa chama mitamba ya maziwa, kila mama mmoja, ili mradi awe ameingia kwenye jedwali kabla ya Ijumaa. Severine akapitia majina, akakuta akina Mary wamejaa. Mtu wa kawaida angeuliza, "Mary yupi?" Yeye akabuni safu mpya: Jina la Baba Mkwe. Akaiweka lazima. Na kwa kuwa kazi ya safu hiyo ilikuwa kuwatofautisha watu, akaongeza sharti kwamba jina lisijirudie. Wasioolewa aliwaambia wasubiri. Kisha akajipongeza kwa chai na maandazi.

Akina mama wa milimani walitaja, wakaandikwa, wakaenda zao. Alhamisi, siku ya mwisho, wakaja Wabarabaig wa tambarare, na kwao mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki kabisa, hata akiulizwa na serikali. Ni heshima, na mwanamke mzima hujivunia kuitunza. Severine alilijua hilo, kama linavyojulikana na kila mtu Hanang, mpaka wauza mitumba. Lakini ofisi ni ofisi, na jedwali halikuwa na safu ya mila. Mmoja mmoja waliketi, wakaulizwa, wakainamisha vichwa, wakatoka.

Ikafika zamu ya Mary, mke wa Gidamis. Ndiye aliyewashawishi wenzake kumimina maziwa yao kwenye tangi la chama, kisha ng'ombe wake wa pekee wa maziwa akafa masika iliyopita. Tangu hapo wanawe walikunywa chai ya rangi huku mama yao akihimiza watu wapeleke maziwa. Alikuwa anautaka ule mtamba mpaka moyo unamuuma, na hakuficha.

"Shikamoo, mama," alisema Severine, maana adabu anayo.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba mkwe anaitwa nani?"

"Ni yule mzee wa kwetu."

"Yupi?"

"Si ulimsalimia asubuhi pale dukani? Unamjua. Andika tu."

"Mimi kumjua si kitu, mama. Taarifa lazima itoke kwa mwanachama mwenyewe."

"Basi paache wazi."

"Haikubali." Akabonyeza kumwonyesha. Kompyuta ikalia, na Severine akatabasamu kama mzazi ambaye mtoto wake amesoma shairi mbele ya wageni.

Severine alimsubiri kwa uvumilivu wa mtu ambaye hajafiwa na ng'ombe. Mwishowe Mary akainuka, akatoka bila kuaga.

Alasiri mlango ukafunguliwa kwa fimbo. Aliingia mzee Gidabuday, shuka begani, na nyuma yake Mary pamoja na Marieta, mke wa mdogo wake Gidamis.

"Nimesikia kompyuta yako inanitafuta," alisema mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ndiye Gidabuday. Mwandike Mary."

Severine akaandika. Mstari ukapokelewa, na Mary akacheka kwa sauti bila kujali alipo.

"Haya, na Marieta."

Severine akaandika. Kompyuta ikalia.

"Jina limeshatumika, mzee."

"Limetumika na nani? Si langu?"

"Kwenye jedwali halirudiwi. Unaruhusiwa mkwe mmoja."

"Nina wana watano wenye wake. Unataka nimfukuze yupi?"

Severine, nisimsingizie, alijitahidi kusaidia. Alipendekeza Marieta atafutiwe baba mkwe mwingine, wa muda tu, mpaka mitamba ifike. Mzee aliitazama fimbo yake, akaitazama kompyuta, na ilionekana anapima.

"Nifute mimi," alisema Mary. Hakuwa anacheka tena. "Mwandike Marieta. Ana mtoto mchanga."

Severine akauchagua mstari wa Mary. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Huulizwa hivyo kila siku, na kila siku huwa nao. Safari hii kidole kilibaki hewani. Mary alikuwa amegeukia dirishani ili asione akifutwa. Severine akaona aibu, na kwa kuwa hakuwa na mazoea nayo, ilimchukua muda kuitambua.

Akakataa kufuta. Akafungua upande wa nyuma wa jedwali, akashuka mpaka safu ya baba mkwe. Lazima, akaigeuza hapana. Kujirudia, akaruhusu. Akahifadhi, akamwingiza Marieta, na kompyuta ikanyamaza kimya. Salamu ya shikamoo na marahaba huchukua muda mrefu kuliko kazi hiyo yote.

Mary alikuwa amegeuka, anaangalia.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, mama."

Mary alitoka mbio mpaka barabarani, akaanza kuwaita wenzake waliokataliwa tangu asubuhi. Waliokuwa karibu waligeuka, wakarudi wakikimbia. Wengine walikuwa wameshavuka korongo, hawakumsikia.