Mpira Mweupe Ulipokuwa Bado Unatembea

Mwamuzi wa klabu yetu ya wachimba makaa, hapa Barnsley, Uingereza, huvaa glovu nyeupe, na kidole kimoja cha glovu ya kulia huning'inia kitupu kwa sababu kidole chake mwenyewe kilibaki mgodini. Kabla ya kila mchezo hupapasa kitambaa cha meza, hutoa unyuzi ambao sisi hatuuoni, kisha husema polepole, "Haya, mabwana." Sauti yake haipandi hata watu wakitukanana.

Jumamosi ya fainali ya snuka, mchezo wa kutumbukiza mipira ya rangi kwa kuigonga na mweupe, shemeji wa mwamuzi, Alwyn, aliyekulia kwenye biliadi ya mipira mitatu, alibakiza mpira mweusi tu, akiwa pointi mbili nyuma ya mpinzani wake, mgeni wa klabu jirani. Akaupiga, ukatumbukia. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, lakini mpira mweupe ulikuwa bado unajikokota kuelekea tundu la kona.

"Udake, bwana! Mchezo umekwisha!" Clem, muuza vinywaji wetu, alipiga kelele kutoka kaunta.

Mwamuzi alikuwa hatua moja tu kutoka tunduni. Akaiweka mikono mgongoni. Mweupe ukasita ukingoni, ukaanguka.

"Faulo," akasema. "Mweupe umeingia. Pointi saba na ushindi kwa mgeni."

Alwyn alimkodolea macho. "Kwenye biliadi, mweupe ukiingia hivyo napata pointi!"

"Na ningekupa, shemeji. Leo tunacheza snuka."

Akautoa mweupe tunduni aufute, lakini ukateleza kwenye kidole kitupu cha glovu, ukamponyoka, ukabingirika sakafuni. Hakuna aliyejongea. Mwishowe Alwyn akainama kwa shida, akauokota, akamrudishia.